MTU 1500, 1450, 9000 au 65,535: Ipi Iwekwe kwa Programu Ipi kwenye Ethernet Pepe

Kwenye Ethernet ya waya, ukubwa wa fremu hubanwa na vitu vinavyoshikika: kadi na swichi. Kwenye Ethernet pepe fremu inatoka kwenye kumbukumbu ya mashine pepe moja na kuingia kwenye kumbukumbu ya nyingine, na kerneli inakubali karibu namba yoyote utakayoiandika. Hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Amri ya `ip link set dev eth0 mtu 9000` inapita bila lalamiko, ping inajibu, SSH inafunguka, halafu usiku nakala ya hifadhidata inaganda katikati ya safari. Kiolesura kiliikubali namba, lakini njia nzima haikuulizwa.

Swali la kuanzia kwa kila programu ni moja: pakiti zake huishia wapi? Zikiishia ndani ya seva ileile, una uhuru mkubwa, ingawa haja ya kuutumia ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Zikitoka nje, MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) iliyo sahihi ni ile ya sehemu nyembamba kuliko zote njiani. Mengine yote yanafuata kutoka hapo.

## Kila namba inahesabu nini

MTU ni ukubwa wa juu kabisa wa pakiti ya IP inayobebwa ndani ya fremu. Kichwa cha Ethernet hakimo. Pakiti ya baiti 1500 huzaa fremu ya 1514, inayofika 1518 ukiongeza baiti 4 za ukaguzi wa CRC, na 1522 ikiwa na lebo ya VLAN. Kwenye waya halisi kuna pia baiti 8 za utangulizi na pengo la baiti 12 kati ya fremu na fremu, hivyo kila pakiti ya 1500 hula nafasi ya baiti 1538.

Hesabu hii si ya mapambo, kwa sababu mifumo haihesabu sawa. Linux ikiandika 9000 inamaanisha pakiti ya IP. Windows, katika mpangilio wa kadi unaoitwa `*JumboPacket`, mara nyingi huandika 9014 kwa kitu kilekile, maana imejumlisha kichwa cha baiti 14. IBM i huuliza ukubwa wa fremu katika `MAXFRAME` ya maelezo ya laini: 1496 kwa kawaida, 8996 kwa fremu kubwa. Swichi nyingi za vituo vya data hufika 9216. Ukinakili 9014 kutoka Windows na kuibandika kwenye MTU ya Linux, utatuma fremu za baiti 9028 kwa upande usiozitarajia. Usigeuze namba hizi kichwani. Weka, kisha pima kwa ping kama ilivyoelezwa huko chini.

| MTU | Mahali pake | Mzigo wa TCP (IPv4, bila vya ziada) | Kipimo cha ping (`-s`) | Hatari kubwa |
|---|---|---|---|---|
| 1450 | Ndani ya handaki la VXLAN (fremu zikifungwa ndani ya pakiti nyingine) juu ya mtandao wa 1500 | 1410 | 1422 | Kontena iliyobaki na 1500 |
| 1500 | Chochote kinachotoka nje | 1460 | 1472 | Karibu hakuna, isipokuwa njiani kuna handaki |
| 9000 | Mtandao uliofungwa wa hifadhi au klasta | 8960 | 8972 | Kiungo kimoja kilichosahauliwa |
| 65,535 | Kati ya kontena au mashine pepe za seva moja tu | 65,495 | 65,507 | Kutoka nje, na bafa kujaa |

Kipimo cha ping ni MTU ukitoa 28: baiti 20 za kichwa cha IPv4 na 8 za ICMP. Kwa IPv6 toa 48. Mzigo wa TCP nao hupungua kwa baiti 12 mihuri ya muda inapotumika, na kwenye Linux hutumika isipozimwa, ndiyo maana ukichungulia kwa `ss -ti` utaona 1448 badala ya 1460.

## 1500 dhidi ya 9000: faida iko wapi hasa

Wanaoisifu 9000 huanza na nafasi ya waya. Kwa 1500, mzigo wa 1448 ndani ya baiti 1538 ni asilimia 94.1. Kwa 9000, mzigo wa 8948 ndani ya 9038 ni asilimia 99. Unapata takriban alama tano za asilimia, na hizo ni kweli, lakini peke yake hazitoshi kuhalalisha kazi ya kubadilisha mtandao mzima.

Hoja nzito ni idadi ya fremu. Kiungo cha gigabiti 10 kwa sekunde kikijaa fremu za 1500 hupitisha takriban fremu 812,700 kila sekunde. Kwa 9000 ni takriban 138,300. Zamani kila fremu ilimgharimu mchakataji kazi yake: kukatizwa, kupita kwenye ukuta wa moto, kutafutiwa njia. Kupunguza idadi mara sita kulikuwa ukombozi.

Kisha TSO (ukataji wa data hufanywa na kadi) na GSO (hufanywa na kerneli mwishoni) zikabadilisha hesabu. Kerneli haikati tena data ya TCP vipande vya 1448 mwanzoni. Inaibeba kama kipande kimoja cha hadi KB 64, inakipitisha kwenye tabaka zote mara moja, na kazi ya kukata inaachiwa kadi ya mtandao dakika ya mwisho. Kipande kimoja cha namna hiyo ni sawa na fremu 45 hivi za kawaida. Upande wa kupokea, GRO huziunganisha tena.

Kwenye Ethernet pepe jambo hili lina uzito zaidi. Mashine pepe mbili zikiwa juu ya seva moja, zinatumia virtio-net (kadi pepe ya mtandao) na ziko kwenye daraja (swichi pepe ya kerneli) moja, kipande cha KB 64 kinatoka upande huu hadi upande ule bila kukatwa hata mara moja, kwa sababu hakuna kadi halisi njiani ya kukikata. MTU inasomeka 1500, lakini kinachosafiri ni KB 64. Anayepandisha MTU hadi 9000 hapo akitegemea TCP iongezeke kasi mara kadhaa atashangaa kuona mabadiliko madogo mno. Kwa hiyo kabla ya kugusa MTU, angalia hili ndani ya mashine pepe na kwenye seva mwenyeji:

```
ethtool -k eth0 | grep -E 'segmentation|receive-offload'
```

Ukikuta `tcp-segmentation-offload: off`, tatizo lako la kasi liko hapo. Washa kwa `ethtool -K eth0 tso on gso on gro on`, pima upya, ndipo uamue kama 9000 bado inahitajika.

9000 inabaki na nafasi yake pale ambapo TSO haifiki. Kwanza ni UDP. Tangu Linux 4.18 kuna GSO ya UDP, lakini programu yenyewe lazima iiombe, na nyingi haziiombi. Pili ni mawasiliano yenye vipande vya ukubwa maalumu. Bloku ya KB 8 ni baiti 8192; ukiongeza vichwa inaingia ndani ya 9000 na nafasi kubaki. Bloku hiyohiyo ikitumwa kwa UDP juu ya 1500 hukatwa vipande 6, na kikipotea kimoja, vyote sita hutupwa na bloku nzima kutumwa upya. Klasta za hifadhidata zinazopashana bloku za KB 8 kwa UDP hufaidika hapa kuliko programu nyingine yoyote. Tatu ni kadi au mpangilio usio na TSO, au mashine pepe inayofanya kazi ya ruta ambayo imezimiwa GRO.

Hasara za 9000 nazo zipo. Bafa ya kupokelea fremu ya 9000 inahitaji kurasa tatu za baiti 4096. Kiendeshi kinachodai kumbukumbu iliyoshikana hulazimika kuomba KB 16 kwa mara moja, na seva iliyokaa muda mrefu na kumbukumbu iliyotawanyika inaweza kukosa nafasi hiyo na kutupa fremu. Virtio-net hulikwepa hili kwa bafa zinazounganishwa, `mrg_rxbuf` katika QEMU, usiizime. Kwenye kiungo cha gigabiti 1, fremu ya 9000 huchukua mikrosekunde 72 kupita, wakati ya 1500 huchukua 12. Sauti ikipanga foleni nyuma ya nakala za hifadhi, tofauti hiyo hujumlika. Na kama unaendesha programu za XDP (zinazoshughulikia pakiti mapema, ndani ya kiendeshi), nyingi bado hutaka fremu nzima ikae kwenye ukurasa mmoja, chini ya baiti 4096, na kiendeshi kitakataa kuipakia programu MTU ikiwa 9000.

## 1450 dhidi ya kupanua mtandao wa chini

Huu ndio uchaguzi unaowakuta watu wengi leo, maana karibu kila jukwaa la kontena au la mashine pepe huweka handaki. VXLAN huongeza kichwa cha Ethernet ya ndani baiti 14, cha VXLAN 8, cha UDP 8 na cha IPv4 ya nje 20, jumla 50. Ndiyo maana 1500 inakuwa 1450. Handaki likipita juu ya IPv6 jumla ni 70, na MTU ya ndani inashuka hadi 1430. Geneve, aina nyingine ya handaki, huanza na 50 vilevile, lakini ina vya ziada vinavyobadilika. OVN, inayotumia Geneve, hutumia baiti 58, hivyo 1442. IPIP hula 20 (1480), GRE ya IP hula 24 (1476), na WireGuard huweka 1420 yenyewe ili itoshe hata juu ya IPv6.

Njia ya kwanza ni kupunguza ndani: kila kontena na kila mashine pepe ipate 1450. Haigusi swichi yoyote halisi na inafanya kazi popote. Udhaifu wake ni kwamba lazima uifikishe kila mahali, na zana hazirithishani namba. Docker ni mfano mzuri. Ukiandika `"mtu": 1450` katika `daemon.json`, inashika kwenye mtandao wa awali wa `docker0` pekee. Mtandao ulioundwa na mtumiaji, ikiwamo ule ambao Compose huuunda bila kukuuliza, hubaki na 1500 mpaka useme:

```
docker network create --opt com.docker.network.driver.mtu=1450 mtandao-wa-ndani
```

Hali hii hujitokeza sana Google Cloud, ambako mtandao huanza na 1460 wakati Docker ndani ya mashine pepe imeshika 1500. Tofauti ya baiti 40 tu inatosha kuzuia upakuaji kutoka tovuti fulani huku nyingine zikifunguka vizuri.

Kwenye Kubernetes, kati ya programu-jalizi za mtandao, Flannel hutoa 50 kutoka kwenye MTU ya kiolesura ilichokiona, na Calico hujaribu kugundua yenyewe. Zote mbili zina tabia moja inayopoteza watu muda: ukibadilisha namba, podi zilizokwisha kuwapo hubaki na ya zamani hadi ziundwe upya. Kwa hiyo nusu ya huduma inapona na nusu inaendelea kuumwa, na mtu anaanza kutafuta kosa ambalo halipo.

Njia ya pili ni kuacha ndani 1500 na kupanua mtandao wa chini hadi 1600 au zaidi. Hesabu ya VXLAN peke yake inadai 1550, lakini 1600 huacha nafasi ya Geneve, lebo za VLAN na IPv6. Hapa programu haihitaji kujua lolote. Ukiwa na mamlaka juu ya swichi zote zinazobeba handaki, chagua hii bila kusita; kazi ni ya mara moja na makosa yake hujitokeza siku ileile. Na kama tayari unafungua swichi, zipeleke moja kwa moja hadi 9000 au 9216, kwa sababu swichi inayokubali fremu kubwa haimdhuru anayetuma ndogo. Kinachodhuru ni mwenyeji anayetuma kubwa kuliko njia.

Kuacha kontena na 1500 juu ya mtandao wa chini wa 1500 na kutumaini kwamba handaki litakata vipande si njia. RFC 7348 ya mwaka 2014 inakataza mwisho wa handaki la VXLAN kukata pakiti zake vipande. Mahali ambapo ukatwaji hutokea, kila pakiti kubwa huzaa mbili, ya pili ikiwa na baiti chache tu, na kasi huporomoka.

## 65,535: kubwa kuliko zote, kwa nafasi ndogo kuliko zote

Jozi ya veth (violesura pepe viwili vilivyounganishwa) kwenye Linux huzaliwa na 1500 lakini hukubali hadi 65,535. Kiolesura cha `lo`, ambacho mashine hujizungumzia, huja na 65,536. Kwenye AIX ya IBM, Ethernet pepe kati ya sehemu za mashine moja hufika 65,390 ikiwa na lebo ya VLAN. Kwa programu mbili zinazopashana datagramu kubwa za UDP ndani ya seva moja, au pale ambapo TSO imezimwa kwa sababu isiyoepukika, namba hii inasaidia kweli.

Kwa TCP ya kawaida ni nadra kuipendekeza. TSO tayari hupitisha KB 64. Tena kuna mtego: mpokeaji wa TCP hupenda kuthibitisha baada ya segimenti mbili kamili, la sivyo hungoja kipima muda, ambacho kwenye Linux huanzia milisekunde 40. Segimenti ikiwa KB 64 na dirisha la mpokeaji likiwa halitoshi mbili, mtumaji hutuma moja na kusimama, mpokeaji naye anangoja ya pili isiyokuja. Kasi inakuwa ya kusuasua juu ya mashine yenye uwezo mkubwa. Anayechagua MTU hii lazima aongeze bafa za soketi zitoshe segimenti kadhaa kwa wakati mmoja.

Na mara tu daraja hilo litakapopata mlango wa kutoka nje, rudisha 1500, au tenganisha: kiolesura kimoja cha ndani chenye MTU kubwa, kingine cha nje.

## Programu kwa programu

Wavuti, API, barua pepe. 1500, au 1450 ndani ya handaki. Wateja wako wako kwenye mitandao ya 1500, 1492 ya PPPoE, au pungufu. 9000 upande wako haitafika kwao.

NFS na iSCSI. 9000, kwa sharti kwamba hifadhi ina kiolesura chake, VLAN yake, na hakuna ruta kati. Kama hifadhi na wavuti vinagawana kiolesura kimoja, tenganisha kwanza. Usibadilishe MTU ya kiolesura cha pamoja kwa ajili ya hifadhi.

Klasta za hifadhidata kwa UDP, bloku za KB 8. 9000, na hapa ndipo inapolipa zaidi.

PostgreSQL au MySQL na wateja wake. Maswali mengi na majibu yake ni madogo, na ni TCP. Acha 1500. Kwa unakilishaji wa data nyingi kati ya seva, TSO inatosha.

Simu za intaneti. Pakiti ya sauti ya G.711 ya milisekunde 20 ni baiti 160 za sauti na 40 za vichwa. MTU haiihusu kabisa; inachohitaji ni foleni isiyozibwa na fremu kubwa za wengine.

DNS. Weka kikomo cha EDNS (ukubwa wa juu wa jibu la UDP) kuwa 1232, yaani 1280 ya IPv6 ukitoa 48 za vichwa. Majibu makubwa zaidi yahamie TCP. Hili hufanya kazi juu ya MTU yoyote iliyotajwa hapa.

QUIC na HTTP/3. QUIC ni itifaki inayopita juu ya UDP. RFC 9000 hutaka njia ipitishe datagramu za angalau baiti 1200 na hukataza kuzikata vipande kwenye IP. Mahandaki mawili au matatu yaliyopandana yakishusha MTU chini ya 1228 kwa IPv4, QUIC haianzi kabisa, na kivinjari hurudi kimyakimya kwenye TCP. Hili huonekana kama ucheleweshaji wa kufungua ukurasa.

Nakala za hifadhi na uhamishaji wa mashine pepe. 9000 kwenye mtandao wake maalumu ni chaguo zuri, hasa gigabiti 10 na kuendelea.

## Kuweka, kwa mpangilio usiokata mawasiliano

Ukipandisha, anzia chini: swichi halisi, kadi ya seva mwenyeji, daraja, tap (kiolesura cha mashine pepe upande wa mwenyeji) au veth, na mwisho kabisa ndani ya mashine pepe. Ukishusha, anzia ndani ya mashine pepe na malizia kwenye swichi. Kwa utaratibu huo hakuna wakati ambao mtumaji ana MTU kubwa kuliko njia yake.

```
ip link set dev enp3s0 mtu 9000
ip link set dev br0 mtu 9000
ip link set dev vnet0 mtu 9000
ip -d link show dev vnet0      # tazama minmtu na maxmtu
```

Daraja la Linux lina tabia ya kufahamu. Usipoliwekea MTU kwa mkono, hufuata mlango wenye MTU ndogo kuliko zote. Mashine pepe moja mpya ikiunganishwa na tap ya 1500, daraja zima linashuka hadi 1500. Ukiliwekea kwa mkono, hubaki na namba yako, lakini fremu kubwa inayoelekea kwenye mlango mdogo hutupwa bila ujumbe wowote, maana daraja ni tabaka la pili na halitumi ICMP.

Katika libvirt, weka `<mtu size='9000'/>` ndani ya maelezo ya kiolesura cha mashine pepe; tap hupata namba hiyo, na virtio-net huijulisha mashine pepe. Katika QEMU tupu ni `host_mtu=9000` kwenye kifaa cha virtio-net. Ili namba idumu baada ya kuwasha upya: `MTUBytes=9000` kwa systemd-networkd, `mtu: 9000` kwa netplan, au `nmcli connection modify JINA 802-3-ethernet.mtu 9000`. Kumbuka pia kwamba DHCP ina chaguo namba 26 linaloweza kushusha MTU yako kila mkataba wa anwani unapofanywa upya.

Kama kiolesura ni kimoja tu na kinahudumia ndani na nje, kuna suluhisho la kati linalofaa sana. Kiolesura kiwe 9000, lakini njia ya nje iwekewe kikomo:

```
ip route change default via 10.0.0.1 dev eth0 mtu 1500
```

Majirani wa subneti ileile watapata fremu kubwa, wengine wote 1500. Mpangilio huu unafaa pia kwenye AWS, ambako ndani ya VPC MTU ni 9001 lakini lango la intaneti hupitisha 1500.

## Kupima, na dalili za kosa

Pima kila njia kwa ping isiyoruhusu kukatwa vipande, kutoka pande zote mbili:

```
ping -M do -s 8972 -c 3 10.0.0.2     # Linux
ping -f -l 8972 10.0.0.2             # Windows
vmkping -d -s 8972 10.0.0.2          # ESXi
```

Jibu la `message too long` linatoka kwenye kiolesura chako mwenyewe: MTU ya hapo ni ndogo. Ukimya unamaanisha kitu cha mbele kinatupa. Shuka hadi 8922, kisha 1472, kisha 1422. Ikipita 1422 lakini 1472 ikagoma, karibu hakika njiani kuna VXLAN.

Usitosheke na iperf3 ya TCP peke yake, kwa sababu mbili. Ya kwanza: wenyeji wawili kwenye subneti moja, mmoja 9000 na mwingine 1500, wakifungua TCP hutangaziana MSS (kipande kikubwa kabisa cha TCP wanachoweza kupokea) na kutumia ndogo, hivyo TCP hupita salama huku UDP kubwa ikipotea. Ya pili inahusu Ethernet pepe hasa: veth na daraja la Linux hukagua urefu wa fremu dhidi ya MTU ya upande wa pili, lakini kipande cha GSO husamehewa ukaguzi huo. Unaweza kupata gigabiti 20 kwa TCP juu ya njia ambayo ping ya 8972 inakufa. Ongeza daima `iperf3 -u -l 8972`.

Dalili za MTU iliyokosewa zina sura inayojulikana: kidogo hupita, kikubwa huganda. SSH inaunganishwa kisha inakwama kwenye `expecting SSH2_MSG_KEX_ECDH_REPLY`. Ukurasa wa HTTPS hauendelei baada ya kuunganishwa, kwa sababu cheti cha seva ndicho pakiti kubwa ya kwanza. `curl` ya faili dogo inafaulu, `git push` inasimama.

Mara nyingi mkosaji ni ukuta wa moto unaozuia ICMP yote. Ugunduzi wa MTU ya njia, uliowekwa na RFC 1191 mwaka 1990, hutegemea ujumbe wa ICMP aina ya 3 msimbo wa 4. Kwa IPv6 ni ICMPv6 aina ya 2. Ukizuia hizo, mtumaji hajui kamwe kwamba pakiti zake ni kubwa mno. Ziruhusu. Pale ambapo ukuta si wako, punguza MSS kwenye ruta inayoingiza handaki:

```
iptables -t mangle -A FORWARD -p tcp --tcp-flags SYN,RST SYN \
  -j TCPMSS --clamp-mss-to-pmtu
```

Hii hutibu TCP tu. UDP haina MSS. Kwenye seva unazozimiliki unaweza kuongeza `sysctl -w net.ipv4.tcp_mtu_probing=1`, ambayo huifanya TCP ijaribu ukubwa mdogo inapohisi pakiti zake zinamezwa. Ni bima nzuri, ila inachukua sekunde kadhaa kuamka, kwa hiyo isiwe mbadala wa namba sahihi.

Kwa ufuatiliaji wa kila siku, `ip route get 10.0.0.2` huonyesha MTU iliyojifunzwa kwa njia hiyo, na `nstat -az | grep -E 'Frag|Reasm'` huonyesha vipande. `IpReasmFails` ikipanda wakati klasta ya hifadhidata iko kazini, bloku za KB 8 zinakatwa mahali fulani na baadhi ya vipande havifiki. Rudi kwenye ping ya 8972, mlango kwa mlango, mpaka umpate aliyebaki na 1500.